Treni Inayosimama Dakika Nne

Mimi natoka nchi isiyo na reli. Burundi ina milima, ina ziwa, ina maneno mengi, lakini treni haina. Kwa hiyo asubuhi nilipokuta jirani yangu amechimba njia nyembamba katikati ya maharage yangu, amepanga vibao na kumwaga kokoto, sikujua ninachokitazama. Nilidhani ni bomba la maji. Nilifurahi kabisa, nikasema hatimaye mtu ametukumbuka.

"Hapana maji," akasema Annuarite. Alikuwa amepiga magoti kwenye mstari wa tatu wa maharage, nyundo mkononi. "Ni reli."

"Reli ya nini?"

"Ya treni. We unafikiri reli inakuwaka ya nini?"

Tukagombana. Tuligombana wiki mbili mfululizo, na ni katika ugomvi huo nilipomfahamu, maana kabla ya hapo tulikuwa tunasalimiana tu juu ya ua. Naitwa Dévote. Nauza mandasi kando ya barabara hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Kiswahili cha kuandika nilikipata kambi ya Mtabila, Tanzania, nilikokuwa nafundisha darasa la tatu, na sijakisahau. Namwandika Annuarite Wilondja kama nilivyomwona, na asiyempenda asisome.

Ana miaka thelathini na tisa. Mfupi, mabega mapana, vidole vimejaa makovu ya bati. Kazi yake ni kutengeneza mbaula, yale majiko ya makaa ambayo hakuna nyumba Malawi isiyokuwa nayo. Kazi hiyo alifundishwa na mumewe Lwaboshi, na Lwaboshi alipofariki wanaume wa soko walimwendea wakamwambia awauzie vifaa, eti mwanamke atafanyia nini patasi na fuawe. Aliwajibu kwamba atawapigia bati nao wakae wasikilize. Mpaka leo anapiga kuanzia alfajiri, na sisi majirani tunasikiliza.

Miaka tisa aliishi Lilongwe, Nsungwi, huko Area 25, ana kibanda chake na wateja wake. Mwaka 2023 ikatoka amri kwamba wakimbizi waliotawanyika mijini warudi kambini, naye akarudi na fuawe yake juu ya kabaza, yeye mwenyewe akitembea nyuma ya baiskeli akiishikilia isidondoke. Hakulia. Alikuwa amekasirika mno hata machozi yakakosa nafasi. Tangu siku hiyo alikuwa anataka kitu kimoja tu, arudi Nsungwi. Kisha kikaja cha pili.

Cha pili kilitokana na karatasi. Mwaka jana tuliitwa kuhakikiwa upya, mmoja mmoja mbele ya kompyuta. Kijana akamuuliza alizaliwa wapi. Annuarite akajibu kama anavyojibu siku zote:

"Kwa reli. PK mia mbili kumi na mbili."

Mkalimani, Mkongomani mwenzake, akacheka. Kijana akatafuta kwenye orodha yake, hakuna mahali pa jina hilo. Akamuuliza tena, kijiji gani? Hakuna kijiji. Mji gani? Hakuna mji. Basi akaandika neno moja la Kiingereza, na karatasi ilipotoka Annuarite aliniletea nimsomee. Nikamsomea: haijulikani.

"Mi najulikana," akasema.

"Si wewe, ni mahali."

"Njo kitu kimoja."

Siku ile hakupika. Alichukua jembe akaanza kuchora mstari kuzunguka nyumba yake.

Habari yenyewe ni hii, na nimeisikia mara nyingi hata naweza kuisimulia nikiwa nakanda unga. Mama yake alikuwa mtu wa Fizi, Kongo. Mwaka 1986, akiwa na mimba kubwa, alishuka ziwa Tanganyika kwa boti mpaka Kalemie, akapanda treni kumfuata mumewe aliyekuwa anafanya kazi Kabalo. Treni ya huko haikuwa na haraka na mtu. Baada ya Nyunzu injini ikafa porini, penye nguzo ya kilometa mia mbili kumi na mbili, wakakaa siku nne wakingoja injini nyingine. Siku ya tatu mama akashikwa na uchungu. Wanawake wa mabehewa yote wakashuka, wakashika vitenge wakamzungushia ukuta kando ya reli, na Annuarite akazaliwa hapo juu ya mkeka. Mfanyakazi wa reli akachukua lebo ya mizigo, akaandika kwa penseli ya buluu tarehe na PK 212, akatia sahihi. Mama akaishona ndani ya pindo la gauni. Lebo hiyo Annuarite aliishika kwa mikono yake hadi siku ya kukimbia kuvuka ziwa, na ziwa likaichukua pamoja na begi.

Kwa hiyo hakuwa na karatasi. Alichokuwa nacho ni kichwa chake, na kichwa chake kilikulia Kabalo kando ya reli mpaka alipofika miaka kumi. Alijua mataruma, zile mbao za chini ya reli, yanavyolala. Alijua kwamba kati ya kipande cha reli na kipande lazima uache nafasi, maana jua likipiga chuma kinakua, na usipokiachia kinajikunja kama nyoka. Nafasi aliyoacha ilikuwa unene wa sarafu, na aliipima kwa sarafu kweli, ya franga ya zamani isiyonunua kitu popote.

Reli zenyewe alizitoa wapi? Mponela. Siku ya soko, wafanyabiashara wa kaunjika wanafungua mabelo ya nguo za mitumba, na belo linafungwa kwa mikanda ya chuma. Mkanda ukishakatwa ni takataka. Annuarite alikuwa anaiokota, anaipakia, anarudi nayo nyumbani, anainyoosha juu ya fuawe mkanda mmoja baada ya mwingine. Hakuilaza. Aliisimamisha ubavu, ndani ya ufa aliokata kwa msumeno kwenye kila taruma, na mataruma ni mabaki ya mbao za mkaratusi. Upana kati ya reli mbili ni shubiri yake moja. Ukitaka kujua kama reli haijahama, unaweka kidole gumba hapa na kidole cha mwisho kule. Nimewahi kuweka changu, hakikufika.

Watu walisema amechanganyikiwa. Walisema karibu yake, kwa sauti. Mimi pia nilisema, sitajificha. Mtu akifyatua matofali hapa wanasema ametulia. Akijenga reli wanamwonea huruma. Yeye alijibu wote jibu moja: "Nikimaliza, mutapanda?" Na kwa kuwa treni ya shubiri moja haipandwi, wakaenda zao.

Sasa turudi kwenye maharage yangu.

Siku ya kumi ya ugomvi wetu nilimleta Théophile, mwalimu wa hesabu wa hapa blokini, Mrundi mwenzangu, mtu wa rula na penseli. Nilitaka aniambie kwa nini reli ya kuzunguka nyumba moja ina haja ya kufika shambani kwangu. Théophile akatembea kando ya reli yote akihesabu hatua. Kutoka bati lililoandikwa Kalemie mpaka Nyunzu, hatua kumi na mbili. Kutoka Nyunzu ikaondoka, ikapita nyuma ya choo, ikaingia kwenye maharage, ikaendelea, ikaendelea. Hatua arobaini na nane za maharage. Kisha nguzo ya 212, na baada yake Kabalo iko hatua kumi na mbili tu.

"Hii ramani ina makosa," akasema Théophile. "Kalemie mpaka Nyunzu ndiko kurefu zaidi. Umepima kwa nini?"

"Kwa siku," akasema Annuarite. "Siku moja, hatua kumi na mbili."

Nikaelewa, na nadhani kila mtu wa upande wetu angeelewa. Ukimuuliza mtu wa kule Nyunzu ni mbali gani, hakuambii kilometa. Nani anazijua? Anakuambia siku moja, au siku mbili treni ikipenda. Annuarite alikuwa amejenga njia ya mama yake jinsi mama alivyomsimulia, siku kwa siku, na siku nne za kungoja amezilaza chini kama safari. Maharage yangu yalikuwa yameliwa na treni iliyosimama.

Théophile hakucheka, namsifu kwa hilo. Alisema tu, "Mama Annuarite, treni ikisimama haiendi popote. Siku nne za kusimama zina urefu wa sifuri."

"Sifuri?" Uso ulimbadilika. "Mama yangu alingoya siku ine kwa pori, na mimba, maji ya kunywa bantu banagawana kwa kikombe. We unasema sifuri?"

"Urefu ni sifuri. Muda ni siku nne."

Annuarite akapiga magoti akaanza kung'oa reli kwenye maharage yangu, taruma moja moja. Nilipaswa kufurahi. Nilijikuta namwambia pole, na yeye akanijibu, "Usiniambie pole. Kama haiwezi kulala, itasimama."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku moja akaifanya dakika moja. Treni ilipokamilika, ilitoka Kalemie, ikapita Nyunzu, ikafika nguzo ya 212, na hapo Annuarite akazima swichi. Dakika nne. Kando ya nguzo alikuwa amechomeka vijiti viwili na kutandaza kati yao kipande cha kitenge, kiasi cha kiganja, na nyuma ya kitenge hakuna kitu. Dakika nne nzima ukitazama treni isiyokwenda. Kisha swichi, na hiyo inaondoka kwenda Kabalo.

Treni ni nzuri, nasema hivyo mimi nisiyepata kuiona ya kweli. Injini imekatwa kwenye debe la mafuta ya kupikia, maandishi ya kiwanda yamebaki kwa ndani. Mota ni ya waipa ya gari, betri ya pikipiki iko kando ya nguzo na swichi yake, nyaya zinapeleka umeme kwenye reli, magurudumu ameyatoa kwenye bearing za kabaza na kuyachomelea kingo. Mabehewa matatu. Ikipita kwenye nafasi zile za unene wa sarafu inalia ta-tak, ta-tak, na mara ya kwanza Wakongomani wa Kalemie na Kabalo waliposikia mlio huo, watu wazima, wenye wajukuu, walikaa chini kwenye vumbi.

Tangu hapo ikawa desturi ya Jumapili baada ya ibada. Wanakuja, wanasimama kuzunguka ua. Na kwa kuwa kila mtu alishaijua habari, dakika ya tatu ikifika, wanawake wanapiga vigelegele, maana siku ya tatu ndipo mtoto alipozaliwa. Wa Uvira wanapiga, wa Fizi wanapiga. Mimi nilikuwa nasimama na mikono kifuani. Nilikuwa bado nakumbuka maharage.

Ni Jumapili moja kama hiyo alipokuja bwana Mkwezalamba. Alikuwa na wageni wa kanisa kutoka Lilongwe. Ni Mmalawi, mwenye bustani kubwa Nsungwi, mahali ambapo familia zinakuja Jumamosi kula kuku na watoto wanacheza. Aliiona treni akapagawa kama mtoto. Kwa kuwa najua Kichewa vizuri, nikawa mkalimani. Annuarite alikuwa upande wa pili, kwenye swichi, wala hakutusikia.

"Nijengewe hii bustanini kwangu," akasema. "Reli iwe ndefu mara tatu, treni hii hii. Nami nitamwandikia barua ya kuombea kibali cha kuishi nje ya kambi. Atakuwa mfanyakazi wangu, anaishi Nsungwi, na kibanda cha mbaula getini kama anataka."

Wakati huo huo treni ikafika 212 ikasimama. Bwana akangoja kidogo, akaniuliza, "Imekuwaje? Betri?"

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa ni langu peke yangu. Ningeweza kumweleza. Lakini nilishaona barua, nilishaona fuawe inarudi Nsungwi juu ya kabaza, na niliogopa mtu wa mjini atasema haya mambo ya kuzaliwa porini hayamhusu. Nikasema, "Eee bambo, betri imechoka."

"Nitanunua kubwa," akasema, akacheka. Hata vigelegele vilipolia alidhani vinampongeza yeye.

Ofisi ya kambi ikampa ruhusa ya kwenda na kurudi, na kwa wiki sita Annuarite alijenga reli huko Nsungwi. Mimi nilikwenda naye mara nyingi, namsaidia lugha, beseni langu la mandasi kichwani, nauza getini. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi vile. Wateja wake wa zamani wa mbaula walikuwa wanapita barabarani wanamwita kwa jina, na yeye anajibu bila kuinua kichwa, akipinda mkanda wa chuma kwa goti ili kona iwe pana, maana kona kali inaangusha treni. Reli ilizunguka nyasi zote, ikapita chini ya meza za saruji, ikazunguka bembea. Vibao vile vile: Kalemie, Nyunzu, 212, Kabalo. Bwana hakujali majina. Alilalamikia kitu kimoja tu, kile kitenge kati ya vijiti, akasema kinafanana na choo. Nikamtafsiria Annuarite kwamba bwana anauliza kama kitenge hakitanyeshewa. Akasema kinyeshewe.

Siku moja kabla ya uzinduzi bwana alifunga betri mpya, kubwa. Akanionyesha barua. Ilikuwa imeshachapwa, jina lake Annuarite lipo, imebaki sahihi tu, na ataitia kesho wageni wakishaona. Akanishika mkono, akauliza, "Sasa haitasimama tena, sivyo? Kuna diwani, kuna watu wa magazeti. Ikisimama katikati ya nyasi watasema nimenunua kitu kibovu."

"Haitasimama," nikasema.

Jioni hiyo, tuliporudi kambini, nilimwambia yote. Betri iliyochoka, choo, ahadi. Nilitegemea atanitukana. Alisikiliza akiosha mikono.

"Itasimama," akasema.

"Annuarite, barua iko tayari. Mara moja tu. Kesho usisimamishe, atie sahihi, halafu keshokutwa simamisha unavyotaka."

"Na kesho mi nazaliwa wapi?"

"Hakuna anayekuuliza kesho!"

"Njo maana." Akakung'uta maji mikononi. "Kila mutu ananiambia mara moja tu. Yule wa kompyuta pia aliniambia, mama, tuandike tu Kabalo, mara moja tu, tumalize. Nilikataa kwa yule na hakukuwa kitu nilipata. Sasa nikubali kwa huyu juu iko na barua?"

"Unataka kurudi Nsungwi au hutaki?"

"Nataka sana," akasema. "Usiniulize tena."

Jumamosi bustani ilijaa. Viti vyeupe, vitambaa, kuku wanachomwa, watoto wamevaa viatu vya kumeta. Diwani akasema maneno marefu. Bwana Mkwezalamba akasema mafupi, akapunga mkono, na Annuarite, amevaa kitenge chake cha ibada, akawasha swichi. Ta-tak, ta-tak. Watoto wakapiga kelele. Treni ikatoka Kalemie, ikapita chini ya meza, ikasimama Nyunzu kidogo kama stesheni inavyotaka, watu wakapiga makofi, ikaondoka, ikazunguka bembea, ikafika 212.

Akazima.

Mwanzo walicheka. Kisha wakamgeukia bwana. Bwana akaja kwangu haraka, tabasamu limeganda usoni. "Chavuta ndi chiyani?" Nini tena? Kila mtu alikuwa ananitazama mimi, maana mimi ndiye mdomo. Na mimi uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, nilikuwa nimelala nao. Waya umelegea, bambo. Dakika moja, bambo.

Nikamtazama Annuarite. Hakuwa ananitazama. Alikuwa amesimama wima kando ya kile kitenge cha kiganja, mkono juu ya swichi, kidevu juu, kama mtu anayelinda mlango. Hakuniomba kitu. Nadhani alijua nitadanganya na alishanisamehe, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikasema kwa Kichewa, kwa sauti ya darasani:

"Haijaharibika. Nilikudanganya, betri haikuwahi kuchoka. Mwanamke huyu alizaliwa hapa, treni iliposimama porini, na inasimama mpaka azaliwe. Ni dakika nne. Tafadhali tungoje."

Nilidhani ardhi itapasuka. Mwanamume mmoja akainua simu akapiga picha. Diwani akatazama saa. Bwana akasema chini chini, meno yamefungwa, "Mwambie aiwashe." Annuarite hakuhitaji kutafsiriwa. Aliinua mkono wa kushoto, vidole vinne.

Dakika ya pili ikapita. Mtoto mmoja akauliza mama yake kama treni imelala. Kisha ikafika dakika ya tatu, na kimya kikanijia masikioni, maana ndipo vigelegele vinapolia, na hapa hapakuwa na mtu wa Uvira, hapakuwa na mtu wa Fizi, hapakuwa na mtu isipokuwa mimi Mrundi wa maharage. Nikaweka beseni chini. Nikapiga kigelegele. Kilitoka kibaya, peke yake, katikati ya viti vyeupe. Nikapiga cha pili, na huko jikoni, nyuma ya moshi wa kuku, mwanamke mmoja akanijibu bila kujua sababu, kisha mwingine. Annuarite akainamisha kichwa.

Dakika ya nne ilipokwisha akawasha, na treni ikaenda Kabalo kama kawaida.

Bwana Mkwezalamba hakupiga kelele, ni mtu mstaarabu. Alitoa barua mfukoni, akaikunja mara mbili, akairudisha mfukoni. Akaniambia nimwambie kwamba bustani si mahali pa matanga. Nikamwambia bambo, haya hayakuwa matanga. Akasema vyovyote, kesho isimame stesheni tu au isiwepo.

Annuarite akaenda Kabalo, akafungua injini kwenye mabehewa. Akaifuta vumbi. Kisha akainama, akaiweka mgongoni, akavuta kitenge akaifunga kama anavyofungwa mtoto, fundo kifuani, akaitikisa kidogo ikae vizuri. Mimi nikaweka mabehewa kwenye beseni. Tukatoka getini, watoto wa viatu vya kumeta wakitufuata mpaka walipoitwa. Reli tuliiacha. Ilikuwa ya bwana, na reli bila treni ni mikanda ya mitumba.

Tulitembea Nsungwi nzima. Tulipita mahali palipokuwa kibanda chake, sasa wanauza simu hapo. Alipaangalia, akaendelea kutembea. Nililia mimi, kwa ajili yake, na yeye akaniambia niangalie nisimwage mabehewa.

Karatasi yake bado imeandikwa vile vile. Kibali hana. Jumapili treni inatembea kuzunguka nyumba yake, na sasa mimi ndiye ninayeanza vigelegele, maana wanasema kigelegele changu ni kibaya lakini hakikosei dakika. Msimu huu nilipopanda maharage niliacha mstari mmoja wazi karibu na nguzo ya 212, watu wapate mahali pa kusimama.

Wiki tatu baada ya Nsungwi simu yangu ikalia. Alikuwa bwana Mkwezalamba. Nikaweka sauti kubwa Annuarite asikie, akiwa amekaa kwenye fuawe yake na mbaula mapajani. Bwana akazunguka sana. Wateja wanaulizia treni, akasema. Watoto wanaulizia. Hata diwani anaulizia, na wanawake wa jikoni hawaachi kumuuliza yule mtoto alikuwa nani. Barua bado anayo. Anaweza kuitia sahihi leo. Amefikiri, naye si mtu mbaya: treni isimame pale penye nguzo, sawa, amekubali isimame. Ila dakika nne ni nyingi kwa watu wanaokula. Iwe dakika mbili.

Nikamtazama Annuarite. Nilijua anavyoitaka Nsungwi. Nyundo ilikuwa imesimama hewani.

"Mwambie zikomo," akasema, neno lao la asante. "Mwambie mi nilizaliwa siku ya tatu. Kwa dakika mbili, mi sijazaliwa bado."

Nikatafsiri neno kwa neno. Bwana hakukata simu, na sisi hatukukata. Tulingoja.